Tatu Bila, Halafu Akabipu

Nataka niliseme hili nikiwa bado na meno ya kulisemea: siku ile nilikuwa naongoza tatu bila. Shemeji yangu wa Houston akikwambia vingine, mwambie mimi nilimwona kipa wake akiokota mpira wavuni mpaka kiuno kikamuuma.

Hizo ni enzi za intaneti kupitia waya wa simu ya mezani. Mimi nakaa Irving, ubavuni mwa Dallas huku Texas, napakia mabegi ya watu eapoti. Shemeji, mume wa mdogo wangu, yuko Sharpstown kule Houston, anafanya kazi ghala la matairi. Wote wawili tulinunua kile kidude cheupe cha gemu kwa sababu boksi lake lilisema utacheza na dunia nzima. Mimi hata Houston ilinishinda kuipata. Unachomeka waya wa simu nyuma yake, kinaanza kulia kama mbuzi aliyebanwa mkia mlangoni. Kinalia, kinakohoa, wewe unachemsha chai, unakunywa, unaosha kikombe, ndipo kinakwambia imeshindikana, jaribu tena. Ukibahatika kuingia, unapiga shuti leo, mpira unafika golini keshokutwa, kipa ameshahama timu. Na waliotuuzia kimya. Ningejua wanakoishi ningekwenda kuwalilia dirishani kwa sauti ileile ya mbuzi.

Tuling'ang'ania kwa sababu ya jina. Mdogo wangu alikuwa mjamzito, daktari kashasema ni wa kiume. Baba yetu alikuwa amefariki miezi michache nyuma, na sisi wawili hatukwenda kuzika, maana makaratasi yetu yalikuwa bado, ukitoka hurudi. Tulilia kwenye simu, yeye Houston mimi Irving, ndiyo yakawa mazishi yetu. Kwa hiyo nilitaka jina la baba lirudi duniani lipate kuitwa tena. Shemeji naye kashikilia kwamba mtoto wa kwanza hubeba jina la babu mzaa baba. Tukabishana mpaka siku moja akaniambia, "Shemeji, wewe si unajidai unaujua mpira? Nifunge kwenye gemu, jina ni lenu."

Nikakubali kabla hajafunga mdomo. Mashemeji tunataniana hata msibani, lakini lile halikuwa la utani na wote tulijua. Tukawekeana sheria moja tu: atakayekata mchezo njiani, kafungwa.

Sasa kile kidude kilikuwa na ugonjwa. Mkiwa mnacheza, mtu mwingine akipiga simu ileile ya nyumbani, kinashtuka na kukata kila kitu. Dawa yake ilikuwa kubonyeza nyota, saba, sifuri kabla ya namba ya intaneti, hapo simu za watu zinazuiwa. Nilimweleza shemeji taratibu, kama namfundisha mtoto kuvaa viatu. Nilikuja kujua baadaye kwamba hakubonyeza, tena kwa makusudi. Mkewe tumbo limefika, bado anakwenda kazini kutunza wazee, je, uchungu ukimshika, atampataje? Hapo simlaumu. Subiri nifike ninapomlaumu.

Tulicheza Jumatano mchana, wote tuko off. Kidude kikaingia bila hata kikohozi kimoja, nikasema huyu ni baba kaninyooshea mkono. Goli la kwanza nilipiga toka katikati ya uwanja. La pili toka karibu na Dallas. La tatu beki wao mwenyewe alinipisha, nadhani alikuwa amechoka kuaibika. Halafu skrini ikawa nyeusi, yakaja maandishi: mpinzani wako ameondoka, umeshinda. Niliruka mpaka feni ya darini ikanichana nywele.

Simu ikalia. Ni shemeji.

"Umekata," akasema. "Kwa hiyo nimeshinda."

"Nani kakwambia umeshinda?"

"Imeandikwa hapa kwenye TV yangu. Mpinzani kaondoka."

Yaani vile vidude viwili, bila haya, kila kimoja kilimpa bwana wake ushindi. Kule kiwandani walikaa watu wazima, wamesoma, wana viyoyozi, wakatengeneza mashine ya kugombanisha mashemeji. Tukagombana kweli. Nikamtajia magoli moja moja, yeye akaitaja sheria. Katikati ya kelele nikasikia mlio mfupi kwenye simu yake: tu. Kimya. Tena: tu. Nikamuuliza nini hicho. Akasema niachane nacho, kuna mtu anambipu tangu saa ile.

Anabipu. Unajua sisi, unapiga, ikilia mara moja unakata, mwenye dakika ndiye apige. Mdogo wangu alihama na tabia hiyo kama alivyohama na kanga zake, na simu yake ya mkononi mchana ilikuwa na dakika za kupimiwa.

"Shemeji," nikamwambia, "ni nani huyo anakubipu?"

Akaangalia namba kwenye kioo cha simu. Aliporudi, sauti haikuwa yake. "Mke wangu," akasema, na akakata.

Hapa ndipo ninapomlaumu. Mwanaume kaacha mlango wazi kwa ajili ya mkewe, mke kabisha hodi, halafu ananitukana mimi kwamba nimefunga mlango.

Nika-drive Houston kama ninafukuzwa na nyuki. Nilipofika hospitali mtoto keshatoka, mzima, analia kwa sauti nzuri kuliko ya kidude. Shemeji alinipokea mlangoni, na kabla ya salamu akanikumbusha TV yake ilisema nini. Nikamwambia tatu bila. Nesi akaja kututazama. Mdogo wangu akauliza kutoka kitandani:

"Nani aliyekata huo mchezo wenu?"

Shemeji akaninyooshea kidole, mimi nikamnyooshea yeye.

"Ni mimi. Nimebipu mpaka kidole kimeota sugu, nyie mnagombania jina la mtoto na mtoto mwenyewe anatoka. Basi nimewafunga wote. Ana jina la baba. Niliamua tangu msiba, hakuna aliyeniuliza."

Nikampokea mtoto. Nikamwambia, "Shikamoo, baba."

Jina nimepata, nashukuru. Lakini mpaka leo, kila sherehe, iwe Richardson huku upande wangu au Houston, shemeji anasimulia watu kwamba alinifunga, akaniachia jina kwa huruma. Na watu wanampa hongera kwa moyo wake mzuri. Magoli yangu matatu hayana hata shahidi.

Juzi nilimweleza kesi yote mwenye jina mwenyewe, ana ndevu sasa. Akanijibu kwa Kiingereza kwamba mchezo uliokatika hauna mshindi, anko.

Nikamwambia, "Kwa heshima zote, baba, wewe hukuwepo. Ulikuwa njiani."