Mshumaa wa Babu Pietro

Juzi niliona chupa ya mvinyo wa Nebbiolo dukani, mtaani Great Barr, na puani ikanirudia harufu ya zabibu zinazochacha.

Babu Pietro, jirani yetu Mwitaliano, alitengeneza mvinyo huo na binti yake katika chumba cha chini ya nyumba yao, kama wazee wake walivyofanya kwao. Kabla ya kushuka ngazi, aliteremsha kwa kamba mshumaa unaowaka. Sisi Wapentekoste hatukuwasha mishumaa, basi nikadhani anasali.

Alasiri moja mshumaa ulizimika. Nikakimbilia ngazi nikamwashie, amalizie sala yake. Mkono wake ulinidaka shingoni, akanikokota hadi uani, akifoka kwa Kiitaliano.

Nilifika nyumbani nalia. Mama, nesi asiyetaka hata kusikia pombe ikitajwa, alivaa viatu aende kumkabili.

"Nilitaka tu kumwashia mshumaa, Mama! Ulizimika wenyewe!"

Mama akasimama mlangoni. Akavua viatu polepole, akanikumbatia hadi nikaumia.

"Zabibu zikichacha hutoa gesi. Huko chini hakukuwa na hewa ya kuvuta, mwanangu."

Mvinyo wa Babu Pietro Mama hakuuonja kamwe. Lakini kila msimu wa zabibu, aliyemnunulia mishumaa alikuwa yeye.