Mizani Nane kwa Ngazi za Ghorofa ya Pili

"Binti, wewe na mikongojo yako, umekuja kutupandisha ama kutuhesabu tu?"

Mama Halima aliniuliza hivyo siku yangu ya kwanza kazini. Alikuwa ameketi chini ya ngazi za ofisi ya kuandikisha walemavu, karibu na soko la mbuzi la Kiamaiko, malapa yamevaliwa mikononi, kwa kuwa alitembea kwa mikono. Aliuza mitumba ya watoto katika soko la Gikomba. Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili. Nilikuwa na digrii, nilikuwa na kitambulisho cha kazi shingoni, na kusema kweli nilikuwa nimekuja kuhesabu.

Cheo changu kilikuwa mhamasishaji, yaani mtu wa kuzunguka mitaani akiwaeleza walemavu haki zao. Bosi wangu, Mratibu, alipenda ripoti, na ndani ya ripoti ngazi zile ziliitwa "changamoto ya ufikiaji". Niliandika maneno hayo mwaka mzima. Mwaka huohuo Mama Halima alifika juu mara mbili, akaambiwa daktari wa kumpima hayupo. Mara ya tatu bega lilikataa. Bila kipimo hakuna kadi ya ulemavu, na bila kadi serikali haikutambui.

Kisha tukapata habari kwamba mgeni rasmi anakuja kuitembelea ofisi ile. Mratibu akaniita.

"Wewe umesoma Kiswahili chuoni. Mtungie mheshimiwa shairi la shukrani. Na dada, hasira zako ziache nyumbani."

Mashairi niliyachukia tangu shule. Mizani, ile hesabu ya silabi nane kila upande wa mshororo, niliiona pingu. Hata hivyo nilikaa nikahesabu kwa vidole: *Asante mgeni wetu, umetujali wanyonge.* Nane kwa nane. Nikajaribu kuingiza changamoto ya ufikiaji. Silabi kumi. Haikuingia. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Ngazi iliingia bila taabu.

Siku ya sherehe nilisimama jukwaani mbele ya mgeni rasmi nikatoa kibwagizo, mshororo wa mwisho ambao hadhira huupokea:

*Ngazi yenu ni ya nani, sisi hatuna mabawa?*

Kwa desturi shairi likitolewa mbele ya mgeni, watu huitikia hata kabla ya kufikiri. Wakaitikia. Kufikia ubeti wa pili walikuwa wamekwisha kufikiri, na wakaitikia kwa nguvu zaidi. Mratibu alinivuta mkongojo. Sikushuka.

Mgeni aliuliza kwa nini ofisi isihamie chini. Afisa wa usajili akasema, kwa heshima zote, kwamba chini hakuna chumba. Basi meza ikawekwa uani, na Mama Halima akapimwa juani, mbele za watu, sketi imepandishwa magotini. Kadi aliipata. Alinitazama, hakunishukuru, na hakukosea.

Mimi nilifutwa kazi wiki hiyo. Ninyi wahamasishaji mnaoanza leo mtaambiwa lugha ya adabu hufungua milango. Waulizeni ni milango ipi.

Miaka baadaye, mfagiaji wa jengo lile aliniambia kwamba chini, kando ya lango, kulikuwa na chumba kikubwa siku zote. Kilifungwa kwa kufuli. Ndimo walimoweka hema na viti vya mgeni rasmi.