Mlio Ambao Mzee Salim Hakuuomba

Nakumbuka siku moja, miaka ya tisini ikiisha na simu za mkononi hapa Thika zikiwa bado za kuhesabika, niliacha simu ya mtu ilie mpaka ikanyamaza, kwa kupenda sifa tu.

Mwanangu, mimi shule niliachia darasa la sita. Lakini uliza kuanzia Ruiru mpaka Eneo la Viwanda, nani alikuwa wa kwanza kuwekea watu nyimbo kwenye simu? Ni mimi. Nilisikiliza wimbo, nikaandika daftarini kitufe gani kifinywe mara ngapi, kisha nikauingiza nota kwa nota kwa kidole gumba. Leo nyinyi mnagusa kioo, kwisha.

Sasa Mzee Salim, muuza vitambaa, aliniachia simu nibadilishe kava. Kava tu. Nikaona mlio wake ni ule wa kiwandani, nikamwekea wimbo wa benga, ule wa gitaa. Sikumuuliza. Nilitaka ashtuke, anisifu.

Nilipoirudisha dukani kwake nilimkuta hatulii. Akaitia kwenye mfuko wa koti lililoning'inia msumarini.

"Binti yangu Amina anajifungua Nairobi," akaniambia. "Damu yake ni shida kupata, na ni mimi tu ninayefanana naye. Mume wake atapiga kutoka kibanda cha simu wakinihitaji. Teksi iko hapo nje."

Hapo ndipo ningemwambia mlio si ule tena. Lakini nilitaka imshtue yenyewe.

Benga ikalia.

"Huyu jirani na redio yake!" Mzee akafoka. "Punguza, wewe!"

Mwanangu, nilijua. Na bado nikangoja, natabasamu, ifike pale gitaa linapopanda, maana pale palinichukua siku mbili. Ikafika. Ikakatika.

"Mzee," nikasema, "hiyo ilikuwa simu yako."

Akairukia. Namba haikuonekana, hakuna wa kumpigia. Nilingoja kofi. Heri angenipiga.

"Kijana, sikio langu lilikuwa linangoja sauti moja tu. Umeibadilisha, hata kuniuliza?" Akavaa koti. "Ingia teksi. Shika hiyo simu yako ya ngoma."

Niliishika kwa mikono miwili. Tulikuwa tumefika Ruiru ilipolia tena.

"Baba, uko wapi? Wanakuita!" mkwewe akapaza sauti upande wa pili.

Ngai, Mungu wangu! Tulimkuta Amina hai, na mtoto akapona. Ni rehema ya Mungu, si gitaa langu. Mzee alipotoka kutolewa damu, mkono umefungwa pamba, aliitazama simu mikononi mwangu, akanipa maneno matatu: "Rudisha mlio wangu."

Ndiyo maana nakwambia wewe unayetengeneza picha na nyimbo za kuingia simu za watu: kizuri chajiuza, usikilazimishe. Ustadi wako usiingie mfuko wa mtu kabla ya salamu yako. Kabla hujaipamba simu yake, muulize anangoja simu ya nani.

Mungu akupe vidole vyepesi kuliko vyangu, na ulimi mwepesi wa kuuliza. Na ile simu utakayoingoja kwa moyo wote, akujalie uisikie ikilia.