Mtoto Aliyeitwa Depite

Siku ile baba yangu alipofungua kamba ya mbuzi na kurudi naye nyumbani, naikumbuka vizuri, mwanangu, hata sasa ninaposahau miwani yangu nimeiweka wapi. Weye ni mwana wa mwanangu, nami ni koko wako, babu yako, lakini kwa uchovu nilio nao leo sitahesabu vizazi. Nitakuita mwanangu tu. Kaa. Weka simu chini. Picha ya mheshimiwa wako nimekwisha kuiona: amevaa koti, ameshika mkasi, nyuma yake kiwanda kipya cha magodoro. Umepata kazi humo, nami nimefurahi. Mke wako amejifungua mtoto wa kiume, nimefurahi zaidi. Lakini jana ulisema Jumapili mtoto atapewa jina la mheshimiwa huyo, kwa sababu ndiye aliyetuletea kazi. Baba yako akainuka, akaenda kukaa nyuma ya jiko. Weye hukumwona, ulikuwa unacheka na wenzako. Mimi nilimwona.

Unajua baba yako anaitwa Depite kila mahali, kuanzia hapa mtaa wa Lumumba mpaka sokoni. Umezoea, unadhani ni utani wa vijana wa zamani. Aka! Si utani. Jina hilo nililileta mimi, nilipokuwa na akili kama hizi zako.

Wakati ule hapa Bunia kulikuwa kunajengwa kiwanda cha sabuni. Baba yangu, Muzee Mateso, alikuwa mwashi, na ndiye aliyepanga matofali ya majiko makubwa ya kuchemshia mawese. Siku moja alimwendea msimamizi, akavua kofia, akaniombea nafasi. Baba yangu hakuwa mtu wa kuvua kofia. Hata kanisani alichelewa kuivua mpaka mama amguse kiwiko. Lakini siku hiyo aliivua, nami nikaandikwa kazi.

Kiwanda kilipokwisha kujengwa, akaja depite wetu, yaani mbunge, kutoka Kinshasa. Ngoma, matarumbeta, watoto wa shule wamepangwa juani tangu asubuhi. Akakata utepe, akapaza sauti: "Nimewaletea kazi!" Tulipiga kelele mpaka koo zikauma. Tukagawiwa vitenge vyenye sura yake. Bibi yako alikuwa na mimba, nami nikawatangazia wenzangu palepale kwamba mtoto akiwa wa kiume atakuwa ndoyi wa depite. Ndoyi, unajua mwenyewe, ni mtu mnayebeba jina moja naye, na hapa kwetu ndoyi si mtu wa mbali. Mnapeana zawadi, mnazikana.

Ukoo wetu una desturi yake: mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu yake. Nilijiambia, nani anataka mtoto aitwe Mateso? Nikaona hiyo ni sababu ya kutosha. Kumbe ilikuwa kisingizio. Ukweli ni kwamba nilitaka jina linalong'aa.

Basi mtoto akazaliwa. Jumapili yake baba akaja, amevaa koti lake la harusi za watu, anavuta mbuzi jike mwenye miguu myeupe. Alimfuga tangu siku niliyooa, akimngojea ndoyi wake. Akamfunga kwenye nguzo ya baraza, akaketi. Nikasimama mbele ya watu, nikalitaja jina lote la depite, la kwanza na la mwisho, kifua mbele.

Baba akaniuliza pole pole: "Nani alikupatia kazi?"

"Depite, Papa. Njo alileta kiwanda."

"Jogoo awike asiwike, kutakucha," akasema. "Patro, mwenye kiwanda, alikuya sababu mawese iko karibu na watu wa kununua sabuni iko wengi. Depite alikuta kiwanda imesimama, yeye akaleta mukasi. Kazi yake yeye iko barabara. Ile barabara ya musituni kwenye mawese inapita, umeona ametia ata jiwe moja?"

Mwanangu, hapo ningenyamaza, leo ningekuwa na hadithi fupi. Lakini nilimjibu: "Papa, hapana kuona wivu."

Wivu! Nilimwambia hivyo mtu aliyevua kofia kwa ajili yangu. Hakunikemea. Aliinuka, akafungua kamba. "Hii mbuzi iko ya ndoyi wangu," akasema. "Ndoyi wa depite, depite atamuletea yake." Akaondoka, mbuzi analia nyuma yake mpaka walipokata kona. Mama akamfuata baba yangu bila kuonja chakula. Maji yakimwagika hayazoleki.

Mbuzi wa depite hakuja. Ilikuja kalenda yenye picha yake, nayo iligawiwa kwa wote pale mlangoni pa kiwanda. Niliitundika juu ya kitanda cha mtoto, nikaona nimepata kitu.

Miaka ikaenda. Tulichemsha sabuni, tukanuka sabuni, tukalisha watoto kwa sabuni. Lakini barabara ya msituni ikaharibika, malori yakawa yanalala kwenye matope, na penye bariera moja, kamba ya kuzuia magari, zikawa tatu, kila askari anataka chake. Na kutoka ng'ambo ya ziwa, sabuni ya Uganda ikawa inashushwa bandarini Tchomia pamoja na mizigo mingine, inafika hapa bei ya chini kuliko yetu tuliyoichemsha wenyewe. Hakuna aliyetuambia kitu. Asubuhi moja tukakuta mlango una kufuli.

Depite alikuwa Bunia siku hizo. Tukaenda kwake, na mimi mbele, kwa kuwa ni baba wa ndoyi wake. Nilimshika mtoto mkono. Nilikuwa nimemshonea shati kwa kile kitenge chenye sura. Mheshimiwa akatoka barazani, akasema: "Jameni, kampuni iko ya mutu binafsi. Mimi sina nguvu juu ya patro. Biashara inakuyaka, biashara inaendaka."

Siku ya utepe kiwanda kilikuwa chake. Siku ya kufuli kikawa cha patro. Nikamsukuma mtoto mbele, nikasema, "Mheshimiwa, huyu njo ndoyi wako." Akamgusa kichwa, akauliza ana miaka mingapi, akageuka kabla sijajibu.

Nikapita kiwandani. Yule msimamizi alikuwa anapakia vitu vyake kwenye gari. Nikamuuliza nani ametufukuza. Akaniangalia kama mtu aliyechoka, kama mimi leo. "Hakuna mutu alituita, hakuna mutu anatufukuza," akasema. "Tulikuya sababu ilikuwa na faida. Faida imeisha." Ndiyo maneno ya baba, mwanangu, yametoka kinywa kingine, yamechelewa miaka sita.

Haikuishia hapo, ingekuwa heri. Watoto wa wafanyakazi wenzangu walisoma shule moja na wangu. Mtoto akarudi shati limechanika, damu mdomoni. Walikuwa wamemzunguka: "Depite, rudisha kazi ya papa yetu!" Jina lile refu lilikuwa limefupishwa siku nyingi. Yule mkubwa hakutupiwa hata jiwe. Alipanda ndege akaenda zake. Wangu ndiye aliyepigwa kwa ajili ya jina lile.

Akaniuliza, "Papa, ni mimi nilifunga kiwanda?"

Nilikaa nyuma ya jiko nikalia, na sioni haya kukuambia.

Habari zikamfikia baba yangu. Akaja kwa miguu, amezeeka, anavuta mbuzi, kitukuu cha yule wa kwanza. Akamfunga kwenye nguzo ileile. Akamshika mtoto mkono, akamwambia, "Kuya, ndoyi." Nikasema, "Papa, hamuna jina moja." Akajibu bila kuniangalia: "Iko mutoto wangu. Jina itafuata kazi."

Tangu siku ile, kila Jumamosi walikuwa pamoja, mzee anapanga tofali, mtoto anachanganya udongo. Akamfundisha kuvuta kamba, kupima kona, kubomoa ukuta wake mwenyewe ukipinda. Sikumwambia baba asante. Niliahirisha, nikaahirisha, mpaka siku niliyomwambia hakuwa akisikia tena. Majuto ni mjukuu. Nimeishi nayo, na yananiuma hata ninavyosema nawe.

Sasa sikia ninachotaka ukibebe. Sikuambii umchukie mheshimiwa wako. Akitengeneza barabara, mshukuru kwa barabara. Akiondoa bariera zinazokamua madereva, mpigie makofi, hata mimi nitakuja na mikono yangu hii mikavu. Akileta usalama, magari yapite na watu walale, huo ni wake, mpe. Lakini mwenye kiwanda cha magodoro ana sababu zake za kuja, na siku sababu zikiisha ataondoka, na mheshimiwa atakuambia kampuni ni ya mtu binafsi. Atakuwa anasema kweli. Basi na siku ya utepe iwe kweli vilevile. Shukrani ni kitu kizito, mwanangu, usimtwike mtu asiyeibeba, maana itamwangukia mwanao.

Na nikuulize lile baba yangu aliloniuliza. Nani alikupatia kazi? Wamekuchukua kwa kuwa unajua kutengeneza mashine. Ulijifunzia wapi? Na ule ukuta wa shule ya ufundi, nani aliujenga mwaka mzima bila mshahara, ili weye usifukuzwe darasani?

Utaniambia: "Koko, lakini jina la baba nalo ni la depite." Ni kweli, nimeliwaza sana. Lakini nenda sokoni umtaje yule wa zamani, watu watakuuliza ni nani huyo. Taja Depite, watakuonyesha kuta za baba yako. Mwanangu alipigwa kwa jina lile, akalifanyia kazi, sasa ni lake, halina mwenyewe mwingine. Mpe mtoto jina la baba yako. Usimnyang'anye nilichomnyang'anya baba yangu.

Mungu akupe mikono isiyokosa kazi na macho ya kumwona aliyekushika. Mtoto akue, azikwe na jina lake kwa heshima akiwa mzee kunipita mimi. Haya, inuka, nenda nyuma ya jiko. Jana baba yako hakuwa peke yake kule. Kuna mbuzi amemfuga tangu siku uliyooa, na alikuwa amekaa ameshika kamba, hajui aifungue au aiache.