Nilivyokula Kilima cha Mreno

Nilikula udongo wa watu. Nalisema mapema kwa sababu kwenye mgahawa ninaofanya kazi hadithi imeshageuzwa, na jinsi inavyosimuliwa sasa, shujaa wake ni meneja.

Mgahawa uko upande wa zamani wa Alexandria ya huku Marekani, karibu na mto, kwenye zile nyumba za matofali ambazo watalii wanapiga picha milango yake. Nimehudumia meza pale miaka mitatu, zamu ya jioni. Maana yake binti yangu wa miaka mitatu namfahamu zaidi akiwa amelala. Namchukua kwa mama wa Kikongo anayelea watoto ghorofa ya chini kwetu, nambeba begani kama gunia, namlaza, basi, huo ndio umama wangu. Kwa hiyo msimamizi wa zamu ya mchana alipoacha kazi, niliomba nafasi yake siku hiyo hiyo. Jumatatu hadi Ijumaa, saa nne mpaka saa kumi. Meneja akasema ataamua baada ya hafla ya kuonja mvinyo ya Alhamisi.

Tatizo lilikuwa moja, na lilikuwa na umri wa miezi minne. Nilikuwa mjamzito na sikumwambia. Mwenzetu mmoja aliwahi kusema ya kwake mapema, kwa uaminifu. Meneja akampongeza, akamletea keki, halafu wiki baada ya wiki jina lake likapungua kwenye ratiba mpaka likaisha. Hakuna aliyemfukuza. Na keki, nisiwe mwongo, ilikuwa nzuri.

Aliyejua yangu ni dada mmoja wa Nakuru anayepanga glasi, na hata yeye sikumwambia.

"Wewe Mbongo," alininong'oneza siku moja, "nimekuona ukinusa ukuta wa stoo. Kwani unadhani mimi ni mtoto?"

Kwetu mwanamke akishika mimba, udongo unamwita. Sokoni unauzwa vipande vipande, umechomwa vizuri, unatafuna unatulia. Sisi tunauita pemba, kwao wanauita odowa, na tulishabishana kuhusu upi mtamu. Wangu nilioletewa na shangazi aliyetoka nyumbani ulikuwa umekwisha wiki mbili nzima. Nilikuwa nakasirikia hata swichi za taa.

Jumatano meneja aliniita anifundishe kuhusu mgeni wa Alhamisi, mwenye mvinyo. Ni Mreno, akasema, familia yake inalima zabibu kwenye kilima kimoja tangu enzi za babu wa babu yake. Akanionyesha kwenye simu picha ya shamba la zabibu, nisije nikashangaa. Mimi nimezaliwa Dodoma. Mama yangu alikuwa na mistari sita ya mizabibu nyuma ya nyumba, na nimeuza zabibu kwa ndoo kando ya barabara kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Nikamwambia picha ni nzuri.

Mreno akafika Alhamisi mchana, mzee wa miaka sitini hivi, koti zuri, na mikono iliyopasuka kama ya mtu anayefyatua matofali. Hakukubali abebewe sanduku lake. Ndani mlikuwa na chupa, na mifuko mitatu ya udongo. Udongo huo aliuombea kibali kuuingiza nchini, ukachomwa kwenye tanuri uwe salama, ukapigwa muhuri, akatuonyesha karatasi. Nikaisoma yote. Udongo ulipata karatasi zake kwa wiki sita. Zangu mimi tusiziongelee.

Akamimina kila udongo kwenye bakuli lake, mbele ya chupa yake. Zabibu ni ile ile, akatueleza sisi wahudumu, pipa ni lile lile, mwaka ni ule ule. Kinachotofautiana ni mahali tu: mawe, mteremko, upepo unaopanda kutoka mtoni. Alipoona nashika dawa ya kufutia meza alinisimamisha, harufu yake itaharibu kila kitu, kisha akafuta meza zote kumi mwenyewe kwa maji matupu. Hapo nilimheshimu. Mtu anayefuta meza asiyolazimika kuifuta ana heshima yake.

Kisha akaendelea.

"Mzabibu lazima uteseke," alisema. "Ukiupa maji mengi na udongo mnono, unakuwa mvivu. Ukiubana kwenye mawe, mizizi inahangaika kwenda chini, na hapo ndipo utamu unapopatikana. Na ukiung'oa kwao ukaupeleka kwingine, si ule tena."

Tulimsikiliza wote kwa adabu: mimi wa Dodoma, dada wa Nakuru, mpishi wa El Salvador, na kijana wa Ethiopia wa kwenye baa. Meneja alitikisa kichwa kwa hisia. Mimi nilikuwa nimetoka kukaa saa moja na nusu kwenye foleni ya magari barabara ya 95, nikitoka kliniki Woodbridge, nikitaka choo. Kama kuteseka ndiko kunakoleta utamu, mimi ningekuwa nauzwa kwa glasi.

Robo saa kabla ya wageni, Mreno alinipa kazi: nyunyizia mabakuli maji kidogo, harufu iamke.

Nikanyunyiza.

Aliyewahi kusimama Dodoma mvua ya kwanza inapogusa vumbi hahitaji maelezo. Nilichukua punje moja kutoka bakuli la kwanza. Halafu kipande kutoka la pili. Halafu sikuhesabu. Nilipoinua kichwa, Mreno alikuwa amesimama mbele yangu, nami nikiwa na kilima cha babu yake kwenye jino.

Nikajua nimekwisha.

"Upi?" akauliza.

"Samahani, mzee?"

"Upi mzuri?"

Nikameza. "Wa pili. Wa kwanza una uchungu mwishoni."

Alinishika mabega yote mawili. "Wa kwanza una chuma! Miaka arobaini nawaambia watu wa mvinyo, hawasikii!"

Nikamwambia mimi pia ni mtu wa zabibu, kwetu tunavuna mara mbili kwa mwaka. Akaumia waziwazi.

"Mara mbili? Na hiyo mizabibu inalala saa ngapi?"

"Hailali, mzee. Kwani nani analala?"

Wageni thelathini wakaingia, na badala ya kuniacha nimimine, akanisimamisha mbele yao. Huyu mama, akasema, ndiye mtu pekee katika mji huu aliyeonja kilima changu. Makofi. Bibi mmoja wa meza ya mbele, mwenye shanga kubwa za mbao, akainua mkono kwa furaha. Yeye ni mkunga mstaafu, alifanya kazi Afrika, anaifahamu desturi hii.

"Una miezi mingapi, mpenzi?"

Meneja alikuwa mlangoni na trei. Ningeweza kukana. Lakini nilikuwa nimechoka kuvuta tumbo ndani, na mdomo wangu haujawahi kunisaidia kuficha kitu.

"Minne," nikasema.

Makofi tena, makubwa zaidi. Meneja naye akapiga, kwa ncha za vidole, trei ikiwa kwapani.

Akaniita koridoni, kwenye ubao wa ratiba.

"Ungeniambia," alisema.

"Ungenipa zamu?"

"Hilo ni suala jingine. Kwanza hongera. Zamu tutaiangalia wiki ijayo, kwa utulivu."

Nikaisikia keki ikija.

"Iandike sasa," nikamwambia.

"Sasa kuna wageni."

"Ndiyo. Na wananisubiri mimi."

Ilikuwa kweli. Mreno alikuwa amegoma kufungua chupa ya tatu mpaka nirudi nionje udongo wake, na dada wa Nakuru akachungulia koridoni na glasi mbili mkononi.

"Bosi, huyo mzee anauliza kama huyu mama amefutwa kazi. Na yule nyanya wa shanga ameshatoa simu. Nimwambie nini?"

Meneja akaitazama kalamu ya ubao kama vile haijawahi kuwa yake. Akaandika. Nilibaki pale mpaka akamaliza na Ijumaa.

Ndiyo maana sasa anawaambia wateja kwamba alinichagua kwa sababu ana jicho la vipaji.

Jumatatu saa kumi na moja kasoro, jua likiwa bado kali, nilibisha kwa mama wa Kikongo. Binti yangu alikuwa sakafuni na wenzake wawili, wamepanga viatu vyote vya nyumba ile mstari mmoja. Akaniangalia, akaangalia dirishani, akaniambia kwa Kiingereza chake kwamba nimekosea, ni mchana, nirudi baadaye.

"Ndivyo alivyo, mama," mama wa Kikongo akacheka. "Keti kwanza."

Nikaketi kwenye ngazi, nikasubiri binti yangu amalize mchezo wake.