Samaki Aliyesemwa Ziwani

Harufu ya utumbo wa kuku uliolala juani siku mbili huwafanya watu wastaarabu wazibe pua na kuvuka barabara. Mimi hunipandisha hasira. Nikipita nyuma ya vibanda vya wachinja kuku hapa Mlabani, mjini Ifakara, kabla sijatambua ninanusa nini, meno yangu yamekwisha kubanana. Utumbo ule ndio uliokuwa chambo chetu cha kambale nilipokuwa na miaka kumi. Mama aliuweka ndani ya kopo la maziwa lililotobolewa mfuniko, nami nilikuwa mbebaji wa kopo hilo kutoka shambani hadi Ziwani, nikilishika mbali na mwili wangu, huku nzi wakitusindikiza. Ziwani ni jina tulilolipa kipande cha mto kilichoachwa. Zamani sana Mto Kilombero ulihama njia yake, ukaacha nyuma maji yaliyojikunja kama mundu, mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka Kivukoni, penye kivuko cha mto, ukielekea juu. Masika yakikolea, bonde lote lilifurika na ziwa likapotea ndani ya mafuriko. Maji yakianza kuondoka, ziwa lilibaki peke yake likiwa na matete pembeni, tope jeusi linalofika magotini, na samaki wote waliozubaa wakaachwa na mto.

Msimu ninaousimulia ni huo wa maji kuondoka, mpunga ukianza kuinamisha vichwa. Familia nyingi za Ifakara zilihamia mashambani wakati huo, zikalala kwenye madungu, vile vibanda vya miti vilivyoinuliwa juu ya nguzo, ili kulinda mpunga usiliwe na ndege. Baba yangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Mimi na mama tulilala kwenye dungu la kaka yake baba, Baba Mkubwa Kandidus, na kulima kona ya shamba lake, na ndani ya nyumba yake ya mjini tulikuwa na chumba kimoja. Sitamnyima haki yake Baba Mkubwa, ambaye sasa naye ni marehemu: alitupokea. Lakini alitukumbusha mapokezi hayo kila wiki, kwa upole, kama mtu anayeuliza hali ya hewa. Nilimsikia siku moja akimwambia mama, “Shemeji, mkiona hapatoshi, Lupiro siyo mbali.” Lupiro, ng’ambo ya mto, ndiko mama alikozaliwa. Shule yangu ilikuwa Ifakara. Nililala siku nyingi nikiipima Lupiro akilini, kivuko, njia ya mchanga, darasa la watoto nisiowajua.

Ziwani palikuwa na wavuvi wa ndoana wapatao kumi na wawili, wote wanaume, na desturi moja ambayo sijaisikia mahali pengine. Samaki mkubwa hakupelekwa nyumbani kabla hajasemwa. Walilaza majani, samaki akawekwa juu yake, wavuvi wakakaa kumzunguka, na aliyemvua akaeleza: chambo gani, ameketi wapi, samaki amevuta vipi, amempandishaje. Wengine walimhoji, wakambishia, wakamcheka kidogo. Mwishoni Mzee Lambati, aliyekuwa mkubwa wao, alisema, “Ni wako,” na huo ndio ulikuwa mwisho wa maneno. Hilo waliliita kumsema samaki. Mtu aliyeondoka na samaki ambaye hajasemwa alihesabiwa mwizi. Nilipokuwa mdogo niliona ni desturi nzuri. Sikuwa nimewaza kwamba kumsema mtu, kwa Kiswahili cha kila mahali, maana yake ni kumteta.

Wanawake walivua pia, lakini kwa vikapu, kwenye madimbwi, wakiwa kundi na wakiimba. Mama yangu alivua kwa ndoana. Babu yangu wa Lupiro hakujaliwa mtoto wa kiume, akamfundisha yeye, na alimfundisha vizuri. Mama alijua kusikiliza mshipi wa ndoana kwa kidole. Wanaume wa Ziwani hawakumfukuza, maana hakukuwa na sheria ya kumfukuza. Walimwachia tu upande wa matope usio na samaki, wakimwita “mvuvi wetu,” wakicheka. Mama naye alicheka nao. Nililichukia sana cheko lile lake. Mpaka leo nalichukia.

Siku yenyewe jua lilikuwa limeanza kushuka upande wa milima ya Udzungwa. Baba Mkubwa na wenzake walikuwa upande wa pili wa kona ya ziwa, ambako matete yaliwakinga wasituone. Nilikuwa ukingoni na kopo langu. Mshipi wa mama ukaenda pembeni polepole, ukasimama, kisha ufito uliofungiwa mshipi ukapinda hadi ncha ikagusa maji. Mama hakupiga kelele. Mshipi wake ulikuwa wa zamani, umeungwa sehemu mbili, na alijua kwamba akiuvuta utakatika. Basi akafanya alivyofundishwa na baba yake: akamfuata samaki. Aliingia majini na kanga yake, ufito mkononi, akipita mbali kwa mzunguko mkubwa, maji yakamfika kifuani, mpaka akawa upande wa kina na samaki akawa kati yake na mimi. Kisha akaanza kuja, akipiga maji kwa mkono wa kushoto, akimsukuma samaki kwa vishindo kuelekea kwenye maji mafupi. Kila samaki alipojaribu kurudi, mama alikuwa pale. Aliteleza mara mbili, akazama hadi kichwani, ufito ukamtoka mkononi, akaibuka. Ilichukua muda wa kusonga ugali wa watu wengi. Mwisho kambale yule alijitupa mwenyewe juu ya tope, mbele ya miguu yangu, kichwa kipana kama ungo mdogo, sharubu zikichapa huku na huku. Angelazwa sambamba nami angenifika mabegani. Hakuna mtu Ziwani aliyewahi kuona kambale wa namna ile.

Vishindo vikawaleta wanaume. Walipochomoza kwenye matete waliona nini? Waliona samaki amelala kwenye tope, mshipi umelegea kabisa, na mwanamke amesimama nyuma yake majini, mikono mitupu, ufito unaelea pembeni. Kwa watu waliozoea kuvuta, mshipi uliolegea una maana moja tu: samaki hakuvuliwa. Nawaelewa hadi hapo. Zaidi ya hapo siwaelewi na sitaki.

Majani yakalazwa, samaki akawekwa, wakakaa. Mzee Lambati alipofungua mdomo wa kambale akakuta ndoana mbili. Moja ya mama, mpya, kwenye mdomo wa juu. Nyingine pembeni mwa taya, imekula kutu, ina kipande cha mshipi kilichofungwa kwa mizunguko mitatu, na ncha imetafunwa kwa meno. Kila mvuvi alikuwa na fundo lake na kila mtu alilijua la mwenzake. Hilo lilikuwa la Baba Mkubwa Kandidus.

“Huyu ni wangu,” Baba Mkubwa akasema, bila haraka. “Mwaka jana alinikatia mshipi, ninyi nyote mnakumbuka. Ameniletea ndoana yangu.”

“Alikushinda,” mmoja akasema.

“Ng’ombe mwenye alama yangu akitoroka akakutwa zizini kwako, amekuwa wako?”

Kwa kuwa ametaja ng’ombe, wakamgeukia Masanja, Msukuma aliyekuwa amesimama kando akinywesha mifugo yake. Siku nyingine wasingemwuliza hata saa. Siku hiyo walitaka utaalamu wake. Masanja akamtazama kambale, akamtazama Baba Mkubwa, akasema, “Shikamooni wazee. Ng’ombe wangu nimemchunga mimi, nimemnywesha mimi. Huyu wewe ulimchunga lini?”

Wakacheka mpaka Mzee Lambati akajifuta macho. Nilimwona Baba Mkubwa akibadilika uso. Kama angeachwa na hoja ya alama, pengine shauri lingeishia pale. Lakini mtu aliyechekwa mbele ya shemeji yake hawezi kuondoka mikono mitupu, basi akatafuta njia nyingine. Akasema mama hakumvua samaki huyo. Amemkuta amechoka, amekwama kwenye tope, akamchomeka ndoana yake baada ya hapo. Ameokota. Na sheria ya Ziwani ilikuwa wazi: samaki aliyevuliwa ni wa mvuvi, lakini samaki aliyeokotwa akiwa na ndoana mdomoni ni wa mwenye ndoana.

“Nimemvua,” mama akasema. Maji yalikuwa bado yanamchuruzika. “Nilimzunguka nikamleta huku.”

“Samaki anazungukwa?” mmoja akauliza, na cheko likahamia kwa mama. “Shemeji, samaki anavutwa.”

“Mshipi wangu ni mbovu. Sikumvuta.”

“Umesikia, Mzee Lambati? Amesema mwenyewe hakumvuta,” Baba Mkubwa akadakia.

Wakabishana hivyo muda mrefu, watu wazima kumi na zaidi, kama mwanamke anaweza kumtoa samaki majini bila kumvuta. Hakuna aliyepata wazo la kumwambia aingie tena aonyeshe. Walisema mikono yake haina alama ya mshipi. Walisema mjane anayeshinda na wanaume ziwani anatafuta kitu kingine, siyo samaki. Samaki yule alikuwa amekwisha kusahauliwa juu ya majani yake. Aliyekuwa anasemwa ni mama. Naye alisimama akawasikiliza, akikamua pindo la kanga. Nilitaka awatukane. Nilitaka sana.

Ndipo Baba Mkubwa akanigeukia. “Leokadia, mwanangu. Wewe ulikuwepo. Usiogope. Mama yako amemvua huyu samaki, au amemkuta?”

Sauti yake ilikuwa na sukari. Wote wakanitazama, hata Masanja akawazuia ng’ombe wake. Nilijua kwamba mtoto huulizwa ili aseme kweli, na nilijua jibu lake, maana nilikuwa nimeliona kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kupepesa. Nilijua pia dungu ni la nani, na chumba ni cha nani. Niliiona Lupiro mbele yangu kama naigusa.

“Nilikuwa nimegeuka,” nikasema.

Hayo tu. Sikusema ameokota. Kwa miaka mingi nilijitetea kwa hilo, kwamba sikumsaliti, nilikaa katikati. Upuuzi. Mzee Lambati akapumua, akasema kwamba kwa kuwa hakuna aliyeona, ndoana ya zamani ndiyo shahidi, na akamwambia Baba Mkubwa, “Ni wako.” Kisha, kwa huruma, wakampa mama mkia. Mama akainama, akachomoa ndoana yake kwenye mdomo wa samaki, akaisuuza, akasema asante. Jioni aliupika ule mkia kwa nyanya na bamia. Nilikula. Ulikuwa mtamu, na hilo nalo linanikasirisha. Hakwenda Ziwani tena. Ufito wake aliusimika shambani, maharage yakaupanda, na mwaka uliofuata nikaendelea na shule Ifakara kama kawaida.

Siku hizi pale Kivukoni kuna daraja, Lupiro ni safari fupi ya bodaboda, na sehemu kubwa ya Ziwani imekuwa mashamba ya mpunga. Vijana wanaoambulia kambale mkubwa hawamsemi. Wanapiga picha, samaki akisogezwa mbele ya kamera ili aonekane jitu, na ubishi umekwisha kabla haujaanza. Huwa nawasikia watu wa rika langu wakisikitika kwamba desturi zimepotea. Mimi ile moja sikuililia. Kama mama angekuwa na simu siku ile, asingehitaji macho yangu. Lakini picha nazo zina jeuri yake. Mwaka huu, Baba Mkubwa alipotimiza mwaka mmoja kaburini, mjukuu wake aliandika kwenye kundi la ukoo kwamba babu yao ndiye aliyevua kambale mkubwa kuliko wote bonde zima. Damu ikanichemka. Nikakaa chini nikaandika kila kitu, mzunguko, tope, ndoana mbili, jibu langu. Wengine wakaweka vikatuni vya kucheka. Mjukuu yule, kijana mwenye adabu zake, akajibu: “Shikamoo shangazi. Picha iko wapi?”

Nikaenda kwa mama nikiwa na hasira za kumtosha kila mtu. Anaishi nami, chumba cha mbele, na alikuwa amekaa barazani akichagua mchele. Nikamsomea ujumbe wote. Nilitaka achukie pamoja nami walau mara moja maishani, tumchukie Kandidus, Lambati, na wale wengine wote waliocheka. Akasikiliza hadi mwisho, vidole vikiendelea na kazi.

“Umeandika kwamba uliona,” akasema.

“Ndiyo, mama. Niliona kila kitu. Siku ile nilisema nimegeuka kwa kuwa niliogopa. Nisamehe.”

Nilikuwa nikiamini siku zote kwamba ninamficha siri. Imani hiyo ndiyo iliyokuwa imeniwezesha kula naye, kumuuguza, kumtazama usoni: kwamba mama aliamini kweli mtoto wake alikuwa amegeuka.

“Najua hukugeuka,” mama akasema. “Nilikuwa nakuja na yule samaki huku nimekukazia macho, nikiogopa usije ukaingia majini kunisaidia. Tulikuwa tunatazamana muda wote.”

Akapepeta ungo mara moja, akatoa jiwe, akalitupa uani. Nilikuwa nimekwisha kuandaa maneno makali ya kuwajibu watu wa ukoo. Niliyafuta, nikaketi karibu naye, na sikuwa na mtu mwingine wa kumkasirikia isipokuwa mimi mwenyewe.