Mwanamke wa Mwisho Ukutani

Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na ukuta wa sebule yetu huko Nyakasanza ulikuwa darasa lake la pili. Samaki wa ziwani kutoka Kasenyi waliuzwa sokoni wamefungwa katika kurasa za magazeti ya Kifaransa. Baba alikata humo picha za watu weusi waliotenda makubwa, akazibandika kwa uji wa unga wa mihogo: aliyetangulia kuzaliwa juu kabisa, wadogo zake wakishuka kwa umri. Ndivyo wakubwa wanavyoheshimiwa kwetu. Rais, kwa umri wake, aliangukia karibu na sakafu.

Alasiri moja ya miaka ya sabini, nikiwa msichana wa miaka kumi na miwili, askari wawili waliokuwa wakikagua picha ya Rais nyumba kwa nyumba waliingia kwetu.

"Muzee, Rais iko chini ya miguu ya hawa? Ni wajomba yako?" mkubwa wao akauliza. Mwenzake akacheka.

"Chefu, siye tunatanguliza wakubwa," baba akajibu.

Kitako cha bunduki kikamwangusha. Nikaamriwa kubandua picha moja moja, abaki Rais peke yake.

Nilipoigusa ya kwanza, baba akainuka kwa magoti, akasema kama aliye mbele ya ubao: "Huyo alikuwa mutumwa. Aliongoza watumwa wenzake, wakashinda jeshi."

Mkanda ukampasua sikio.

Ya pili. "Munganga. Alifungua kifua cha mutu, akashona moyo, mutu akapona."

Buti likazama mbavuni. Nilisikia mfupa ukivunjika.

"Funga kinywa, muzee!"

Ya tatu. "Huyo alishinda mbio mbele ya watu waliomuzarau."

Meno mawili yakaanguka mkekani.

Picha ya mwisho, ambayo baba alikuwa ameibandika mchana huo na bado hajanieleza habari zake, ilikuwa ya mwanamke aliyevaa joho. Baba alikuwa akimeza damu ili apate kusema, na mkanda ulikwisha kuinuliwa. Nikaing'oa kwa kucha, nikaitia kinywani, nikaitafuna.

"Angalia, mutoto anakula mama muzima!" Wakatoka wakicheka.

Nikimwosha baba uso, nilimwuliza, "Papa, yule mama alikuwa nani?"

Alinitazama kwa ukali ambao askari hawakuupata.

"Mbona haukuniacha niseme?"

"Wangekuua, Papa."

"Nilijua. Huyo nilimubandika kwa sababu yako, na weye umemumeza. Utamutafuta."

Nilidhani ni hasira ya siku moja. Lakini alikufa miaka mingi baadaye, akiwa bado anatafuna kwa upande mmoja, bila kunitajia jina la yule mama. Chuoni, katika miaka ya themanini, nilipekua vitabu vyote vya maktaba nikimtafuta. Kila nilipomkuta mwanamke mweusi mwenye joho, awe wakili, daktari au mwanahisabati, nilisoma habari zake hadi mwisho, nikamlinganisha na sura niliyoiona kwa pumzi moja. Wengi nawafahamu leo kama shangazi zangu. Yeye bado sijamtambua; ninachokikumbuka vizuri ni ladha yake, ya wino, mihogo na samaki.